Kamera imegoma kuwaka? Jaribu haya kabla hujaipeleka kwa fundi

Jumapili moja ya Desemba, saa mbili kasoro za asubuhi, simu yangu iliita. Alikuwa mpiga picha kijana, yuko Marangu, na ibada ya kipaimara ilikuwa inaanza saa tatu.

"Shikamoo, fundi. Kamera imekufa."

"Marahaba. Imekufaje?"

"Nawasha, kimya. Hata taa haitoki. Jana ilikuwa nzima kabisa."

Nilimuuliza kitu kimoja tu: jana usiku aligusa nini? Akasema hakugusa kitu, alibadilisha betri tu. Nikamwambia aipindue kamera, afungue mlango wa betri, kisha aufunge upya mpaka asikie "ta". Kimya kidogo. Halafu nikasikia kicheko, na simu ikakatwa bila hata asante.

Mimi natengeneza kamera hapa Moshi, na kabla ya hapo nilipiga picha za harusi na send-off kwa miaka mingi, Arusha na huku kwetu. Kamera nyingi zinazoletwa mezani kwangu kwa jina la "imekufa" hazijafa. Zimegoma. Kilichokufa hakina la kukuambia, lakini anayegoma ana dai lake. Kamera ya kidijitali haiwaki hovyo kama tochi. Ukigusa swichi, ndani yake kuna saketi inayokagua kwanza: betri ina nguvu ya kutosha? Mlango umefungwa? Betri yenyewe inaitambua? Jibu moja likikosekana, inakaa kimya, tena bila kueleza. Wewe kazi yako ni kulitafuta hilo dai, ukianza na yale yasiyokugharimu hata senti.

Kwanza, hakikisha kweli haijawaka

Usicheke. Kioo kuwa cheusi si ushahidi tosha. Kamera nyingi hulala zenyewe zikikaa dakika moja au mbili bila kuguswa, ili kuokoa chaji. Bonyeza kitufe cha kupigia picha nusu, ushikilie sekunde mbili tatu. Ilikuwa imelala? Itaamka.

Kwenye kamera hizi mpya zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless), pembeni mwa tundu la kuchungulia kuna kihisi kidogo kinachotambua jicho. Ukisogeza uso, kioo cha nyuma kinazimika na picha inahamia tunduni. Sasa kihisi hicho kikizibwa na vumbi, au mkanda wa kamera ukakilalia, kamera inadhani unachungulia muda wote na kioo cha nyuma kinabaki giza. Sogeza mkanda, futa kwa kitambaa laini, kisha chungulia tunduni. Ukiikuta menyu inakungoja humo, kamera yako ni nzima, twende nyumbani.

Kama umechomeka waya wa kwenda kwenye televisheni, chomoa. Halafu piga picha hivyo hivyo gizani. Ukisikia mlio, au taa ya kadi ikipepesa, kamera imewaka na kilichoharibika ni kioo cha nyuma. Huo ni ugonjwa mwingine, na mwongozo huu si dawa yake.

Betri

Nikilazimishwa kukisia bila kuiona kamera, nitasema betri. Na "nimeichaji" kwangu si jibu. Uliichaji wapi, kwa umeme gani, kwa muda gani, na uliona taa gani?

Dereva mmoja wa watalii alirudi kutoka Serengeti na betri tatu, zote tupu, akiapa kwamba alizichomeka usiku kucha kwa zamu. Tulipoongea vizuri ikajulikana: kambini umeme ulikuwa wa jenereta, na jenereta ilizimwa saa nne usiku. Yeye alichomeka saa tatu na nusu. Asubuhi akakuta taa ya chaja imezimika, akaona basi, imejaa. Wengine huchaji kwa inveta ya gari. Gari likizimwa ili wageni wamtazame simba, chaji nayo inakatika, na simba akishalala chini ya mti mnaweza kukaa hapo saa nzima.

Kwa hiyo rudi mwanzo. Chomeka chaja kwenye soketi uliyoijaribu kwa simu yako kwanza. Umeme wetu ni volti 230, na karibu chaja zote za kamera za siku hizi zimeandikwa 100–240, hivyo hazina ugomvi na TANESCO. Lakini soma mgongoni mwa chaja, hasa kama ni zawadi iliyoachwa na mgeni. Chaja za zamani za volti 120 peke yake zipo, na ukiichomeka hapa utasikia harufu kabla hujaona moshi. Kisha itazame taa. Chaja nyingi zina rangi moja au mpepeso mmoja zikiwa zinachaji, na hubadilika betri ikijaa. Ikipepesa haraka haraka kuliko kawaida yake, chaja imeikataa betri: imechakaa, au ni ya moto mno, au ya baridi mno, au vichuma vyake vya kugusia ni vichafu. Ukiona inachaji vizuri, iache saa mbili mpaka nne, na usiwe unaichomoa kila dakika kumi kuangalia.

Wengi sasa wanachaji betri ikiwa ndani ya kamera, kwa waya wa USB. Hapo kuna mitego miwili. Kamera nyingi huchaji zikiwa zimezimwa tu. Ukiiacha swichi imewashwa, inakaa bila kupokea chochote. Na si kila kichwa cha chaja ya simu kinatoa nguvu inayotosha. Kama una chaja ya ukutani ya kamera yenyewe, itumie hiyo kwanza ndipo ulaumu kitu kingine.

Ukiwa na mita, hata ile ndogo ya mafundi umeme, unaweza kupima. Betri za kamera kubwa nyingi zina seli mbili ndani na zimeandikwa volti 7.2 au 7.4. LP-E6N ya Canon, kwa mfano, ni volti 7.2 na mAh 1865 (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kubeba). EN-EL14a ya Nikon ni volti 7.2 na mAh 1230. Zikijaa, mita inasoma karibu 8.4. Kamera ndogo za mfukoni nyingi zina seli moja ya volti 3.6 au 3.7, ambayo ikijaa inafika 4.2. Weka mita kwenye volti za DC, ncha nyekundu kwenye alama ya kujumlisha, nyeusi kwenye kutoa, na mkono usitetemeke: ncha moja isiguse vichuma viwili kwa pamoja. Ukipata nane na kitu, betri ina chaji. Ukipata saba na kushuka, imekaribia kwisha.

Ukipata sifuri kabisa, kwanza hakikisha umegusa vichuma sahihi. Kama ni sahihi, yaelekea betri ilikaa miezi kabatini mpaka saketi ya ulinzi iliyo ndani yake ikajikata. Baadhi huamka zikiachwa kwenye chaja yake, nyingine ndiyo basi. Usimpe mtu aipige shoti kwa nyaya mbili ili "aiamshe". Seli ya lithiamu iliyoshuka kupita kiasi, ikilazimishwa kupokea chaji, inaweza kushika moto, na haikupigii hodi kwanza.

Lakini mita nayo hudanganya. Betri iliyozeeka husoma 8.2 ikiwa imepumzika, ukiitaka kazi inaporomoka. Utaijua kwa tabia: unawasha, nembo inatokea kwenye kioo, inazimika. Au inawaka vizuri, ila ukibonyeza kupiga tu inakata. Hiyo haina dawa, nunua nyingine. Kipimo kisicho na ubishi ni betri ya mwenzako unayejua inafanya kazi. Mpiga picha yeyote mwenye kamera kama yako atakuazima kwa dakika moja, ukimsalimia vizuri na ukiwa hujamchukulia mteja wake wiki iliyopita.

Kuhusu betri za bei chee: pembeni mwa alama za kujumlisha na kutoa, betri nyingi zina kichuma cha tatu au zaidi. Hivyo ni vya mazungumzo. Kamera inaiuliza betri, wewe nani, una joto gani, umebakiwa na kiasi gani. Betri ya kuiga ikijibu ovyo, kamera nyingine hulalamika kwenye kioo, nyingine hukataa kuwaka kimyakimya. Kama ya zamani inawasha na mpya haiwashi, kesi imekwisha.

Na ukiona betri inaingia kwa shida, au imekwama ndani na ubavu wake umetuna, imevimba. Usiisukume, usiitoboe, usiichaji tena. Kuitoa iliyokwama ni kazi ya fundi.

Ukiwa mlimani

Hili nalitenga kwa sababu kila msimu wa kupanda mlima naletewa betri za waongoza wageni na wapagazi zilizo nzima kabisa, "zimekufa kileleni".

Alfajiri pale Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, joto liko chini ya sifuri, mara nyingi nyuzi kumi chini au zaidi. Kamera nyingi zimeandikiwa kufanya kazi kati ya nyuzi 0 na 40. Betri ya lithiamu ikipoa namna hiyo, kemia yake ya ndani inapunguza mwendo, ukinzani unapanda, na kamera ikiomba nguvu volti inaanguka ghafla. Kamera inasoma: imekwisha. Wakati haijaisha. Itoe, iweke ndani kabisa ya nguo, kifuani au kwapani, karibu na ngozi. Weka nyingine iliyokuwa na joto. Baada ya dakika kumi na tano au ishirini unaweza kubadilishana tena. Nimeshaiona betri iliyokataa kata kata Stella Point, karibu na kilele, ikashuka kambi ya Barafu na kuonyesha nusu ya chaji, kana kwamba haikutokea kitu.

Usiku lala nazo kwenye begi la kulalia. Usiziache mfuko wa nje wa begi la mgongoni. Na usichaji betri iliyoganda, hata kama powerbank unayo na hema limefungwa: kuchaji lithiamu chini ya nyuzi 0 kunaiharibu kwa ndani, na uharibifu huo haurudi nyuma. Ipashe kwanza kwa mwili wako.

Mkishuka, kamera yenye baridi ya mlima ikikutana na joto la Moshi inatoa jasho kama chupa ya soda, ndani na nje. Iache kwenye begi lake, zipu zimefungwa, saa moja au mbili ipate joto polepole. Najua unataka kumwonyesha mama picha. Atangoja.

Kijino cha mlango

Sasa betri ni nzima, imejaa, umeijaribu na ya mwenzako, bado kimya. Pindua kamera uangalie mlango wa betri, na uangalie kwa karibu.

Kwenye ukingo wa ndani wa mlango kuna kijino cha plastiki, kidogo kama nusu ya punje ya mchele. Mkabala wake, kwenye mwili wa kamera, kuna tundu au ufa mwembamba, na ndani yake swichi ndogo. Mlango ukifungwa, kijino kinaingia tunduni na kuibonyeza ile swichi. Isipobonyezwa, kamera inaamini mlango uko wazi, na haitawaka hata ukiiwekea betri kumi. Kijino hicho huvunjika kamera ikianguka, au mtu anapoulazimisha mlango ufunge wakati betri imewekwa kinyume. Kinavunjika bila kelele. Mlango unaendelea kufunga vizuri kabisa, kwa hiyo huwezi kushuku. Kwenye kamera nyingi mlango wa kadi nao una swichi ya namna hiyo hiyo.

Kupima ni rahisi. Weka betri yenye chaji. Kwenye kamera nyingi kuna kilimi cha kuishikilia isidondoke hata mlango ukiwa wazi. Geuza swichi ya kuwasha. Chukua kijiti cha kuchokonolea meno, kiingize kwenye lile tundu, bonyeza taratibu. Usitumie sindano, pini wala bisibisi, kwa sababu chuma kikiteleza kikaunganisha vichuma vya betri umeongeza ugonjwa wa pili. Taa ikitoka au kioo kikiwaka, mwizi umemkamata.

Habari njema ni kwamba mlango huuzwa kama kipuri peke yake. Na kwenye kamera zilizoundwa kupokea gripu ya betri (kile kishikio cha ziada kinachofungwa chini ya kamera na kubeba betri), mlango umetengenezwa uchomoke: kuna kipini kidogo kwenye bawaba, unakisukuma kwa ukucha na mlango unatoka mkononi bila bisibisi. Mpya unaingia vivyo hivyo. Wakati unasubiri kipuri, kipande cha kijiti kilichokatwa kwa urefu wa kijino na kushikiliwa kwa selotepu kinatosha. Harusi moja ya Machame niliipiga yote kwa kijiti na selotepu. Sijisifii, ila bi harusi hakujua. Kitu kimoja nakukataza: supaglu. Inatiririka tunduni, inaigandisha swichi ikiwa imebonyea au haijabonyea, na kutoka kwenye kubadilisha mlango tunafika kwenye kuifungua kamera nzima.

Vichuma vya kugusia

Toa betri, angalia vichuma vyake kwenye mwanga, kisha angalia na vya ndani ya kamera. Vinatakiwa viwe na rangi ya dhahabu au fedha, vinang'aa. Ukiona ukungu mweupe, ukijani, au weusi, hapo umeme unapita kwa taabu. Raba nyeupe ya penseli inatosha kwa vichuma vya betri: sugua mara chache, pangusa unga wake. Vya ndani ya kamera tumia pamba ya kijiti iliyoloweshwa kidogo kwa spiriti safi ya isopropili, ile ya maduka ya vifaa vya elektroniki. Si ile spiriti ya rangi ya kuwashia moto, wala kitakasa mikono. Vyote viwili vinaacha utando. Msasa usiuguse kabisa, unakwangua ule mpako wa dhahabu na baada ya hapo kutu inapata uwanja. Vichuma vingi vya ndani vina springi: kwa kijiti, bonyeza kimoja kimoja uone kinarudi. Kisichorudi ndicho hakiigusi betri.

Kadi, lenzi, gripu

Hapa tupite haraka. Toa memori kadi, washa. Ikiwaka bila kadi, mkosaji ni kadi. Hamisha picha zake kwanza kwenye kompyuta, ndipo uifomati ndani ya kamera, na kama inarudia mchezo usiibebe tena kwenye kazi ya mtu. Toa lenzi, washa. Lenzi yenye hitilafu kwenye saketi yake inaweza kuivuta kamera nzima chini. Pangusa vile vidoti vya dhahabu kwa kitambaa kikavu. Toa gripu ya betri, rudisha mlango wa asili, washa. Gripu zikilegea skrubu yake kidogo tu zinapoteza mgusano, na mtu anahangaika na kamera ambayo haina kosa.

Kwa zile kamera ndogo ambazo lenzi hutoka yenyewe: zikiwaka, zikalia "krr", zikazimika, ni mchanga kwenye lenzi. Usiivute kwa vidole.

Ipumzishe

Kamera, kama kompyuta, inaweza kujifunga kwenye wazo moja. Toa betri, toa kadi. Kama ni modeli ya zamani yenye kibetri cha kidonge cha saa, toa na hicho. Geuza swichi iwe imewashwa, au bonyeza kitufe cha kuwasha na ukishikilie sekunde kumi na tano, ili chaji iliyobaki kwenye saketi iishe. Iache nusu saa. Kunywa chai. Rudisha betri peke yake, bila kadi wala lenzi, kisha washa. Nashangaa kila mara jinsi hili linavyofanya kazi, na siwezi kukuahidi kwamba litafanya kazi kwako.

Vumbi la barabarani

Anayefanya kazi Longido, Manyara au Ngorongoro analijua vumbi letu: jepesi kama poda, linaingia hata mahali ambapo maji hayaingii. Likijaa kwenye swichi ya kuwasha, utaigeuza nayo itazunguka laini laini, bila ule mguso wa "tik" mwishoni. Toa betri, igeuze mbele na nyuma mara thelathini hivi, huku ukiipulizia kwa pampu ya mpira ya kusafishia lenzi. Rudisha betri ujaribu.

Usipulize kwa mdomo, unatia mate. Usiipeleke kwa wajaza upepo wa matairi. Yule kijana ana nia njema, lakini kompresa yake inasukuma vumbi mpaka mahali ambapo lilikuwa halijafika. Na usitie mafuta ya kulainishia, ya aina yoyote. Mafuta na vumbi ni udongo wa mfinyanzi.

Ikiwa iliingia maji

Hapa mpangilio wote niliokupa unageuka. Usiwashe kujaribu. Toa betri sekunde hiyo hiyo, hata kabla ya kuifuta, kwa sababu maji peke yake hayaui haraka kama maji yenye umeme. Toa kadi, toa lenzi, fungua milango yote, kausha nje kwa kitambaa. Ilaze kivulini penye feni siku mbili au tatu. Vile vifuko vidogo vya punje vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu ukiwa navyo vingi, vifungie pamoja nayo kwenye chombo. Mchele hausaidii, unaacha unga kwenye matundu, na nimeshatoa punje nzima ndani ya mlango wa kadi. Usiianike juu ya boneti, jua la Moshi la mchana linalegeza gundi.

Maji ya mvua ya masika yana nafuu. Maji ya Natron, Manyara au ya maziwa ya Momella ni ya magadi: yakikauka yanaacha chumvi inayotafuna saketi polepole huku wewe ukidhani umepona. Kamera iliyoonja maji hayo, hata kama imewaka tena, ipeleke ikafunguliwe na kusafishwa mapema.

Sasa nenda kwa fundi

Ukifika hapa bila mwanga, uko kwenye fyuzi ya bodi, bodi ya umeme yenyewe, au swichi ya ndani. Usiifungue nyumbani. Kamera yenye flashi ina kapasita, kifaa cha kuhifadhi umeme, inayoweza kushika karibu volti 300, na inabaki nazo hata betri ikiwa imetolewa. Mimi ilishanipiga, kidole kilikufa ganzi hadi jioni, na wakati huo nilikuwa tayari najiita fundi.

Kabla ya kuondoka nyumbani, toa kadi ubaki nayo. Picha za wateja wako si za fundi. Andika namba ya kamera iliyoko chini yake. Mwambie fundi ukweli wote, hasa yale ya aibu: ilidondoka, iliingia bia, shemeji aliichaji kwa kitu asichokijua. Mwambie na ulivyojaribu, utampunguzia nusu ya siku. Mkubaliane gharama ya kuikagua peke yake kabla ya matengenezo, na umwambie kipuri cha zamani unakitaka mkononi. Fyuzi ikiwa imeungua, muulize kilichoiunguza, kwani fyuzi haiungui kwa hiari yake. Na akisema ataunganisha waya badala ya fyuzi, msalimie, chukua kamera yako, uondoke.

Ikishawaka, kwa njia yoyote kati ya hizi, usikimbilie kupiga. Fungua menyu uangalie tarehe na saa. Kamera iliyokaa bila umeme mara nyingi hurudi kwenye tarehe ya kiwandani, na kompyuta hupanga picha kwa tarehe hiyo. Yule kijana wa Marangu hakuangalia. Picha zake za kipaimara zilichanganyika na za mwenzake waliyekuwa wanapiga pamoja, waumini wanatoka kanisani kabla hawajaingia, na tulikaa naye jioni mbili tukizipanga moja moja.